Radi ya Tororo na Kisanduku Kisichowaka

Kati ya mwaka 1967 na 1976, ngurumo za radi zilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Hesabu hiyo iliuingiza mji huo wa mashariki mwa Uganda katika vitabu vya rekodi za dunia. Baadaye setilaiti zilianza kuhesabu mimweko yenyewe badala ya siku, na mwaka 2016 watafiti wakaliweka mbele Ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye mimweko 233 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, mashariki mwa Kongo, ilikuwa ya pili kwa 205. Lakini anayeishi Tororo, Malaba au Busia hahitaji jedwali la watafiti. Mchana upepo wenye unyevu unapanda kutoka Ziwa Victoria, unakutana na pepo za mashariki na hewa iliyochochewa na Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, na kufikia alasiri wingu limeshasimama juu ya nchi iliyo katikati ya ziwa na mlima.

Radi hiyo huua. Juni 2011 wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, walipoteza maisha kwa pigo moja wakiwa darasani, na baadaye shirika la ACLENet likaanza kufunga vikinga radi katika shule za Uganda. Mbele ya msiba kama huo, kuzungumzia kompyuta kunaweza kuonekana jambo dogo. Si dogo kwa mwenye studio aliyehifadhi harusi, mahafali na mazishi ya mtaa mzima kwenye kisanduku kimoja cheusi chini ya kaunta, akaingia kazini asubuhi baada ya mvua na kukuta taa haiwaki.

Visanduku hivi vimeingia mpakani mwa Kenya na Uganda kimyakimya. Ndani yake mna diski moja, mbili au nne. Kila kimoja kimeunganishwa na ruta kwa waya, na kila kompyuta na simu ya ofisi inaweza kuweka na kuchukua faili humo. Wanavyo wapiga picha na watengeneza video. Wanavyo mawakala wa forodha, ambao kazi yao imejaa hati za kidijitali tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipozinduliwa rasmi na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018. Wanavyo mawakili, zahanati, makanisa yanayorekodi ibada, na familia ambazo watoto wao wa Nairobi au London waliwaletea kimoja likizo ya Desemba.

Mtu atauliza kwa nini wasiweke kila kitu kwenye wingu la intaneti. Nyaya za faiba zinazoipa Uganda intaneti kutoka Mombasa hupita hapa hapa, Busia na Malaba, lakini kupita mlangoni kwako hakumaanishi unaingia ndani. Mwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, akitaka kupandisha terabaiti 2 za video, atahitaji siku 37 mchana na usiku bila stima kukatika hata mara moja. Kwa hiyo data inabaki nyumbani, na nyumbani ndiko radi inakopiga.

Ninachotaka msomaji akishike mapema ni kwamba kisanduku kufa na data kufa ni misiba miwili tofauti, na mara nyingi ni ule wa kwanza tu umetokea. Wa pili huletwa na haraka ya binadamu katika saa chache zinazofuata. Mtu anakichomoa na kukichomeka mara ishirini. Anachukua pini na kubonyeza kile kitufe kilichofichwa kwenye tundu la nyuma, bila kujua kuwa katika baadhi ya aina, kukibonyeza kwa muda mrefu kunarudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani. Anahamisha diski ya kushoto kulia. Au anaipeleka diski kwenye kompyuta ya Windows, inamwambia diski hii lazima ifomatiwe ndipo itumike, naye anakubali. Ujumbe huo umeangamiza kumbukumbu za watu wengi, nami natamani ungebandikwa ukutani katika kila kibanda cha fundi: Windows ikisema hivyo, maana yake ni kwamba haielewi lugha ya diski ile. Visanduku karibu vyote vya nyumbani huendeshwa na Linux, na diski zake zimepangwa kwa mifumo kama ext4 na Btrfs ambayo Windows yenyewe haiisomi.

Fundi mzuri huanza nje. Adapta ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa baada ya mvua. Visanduku vingi vya diski moja au mbili hula volti 12 kutoka adapta ya pembeni, na kishindo cha radi kikija kwa waya wa stima, adapta ndiyo inayokipokea. Inaweza isife kabisa. Kapasita za ndani zimedhoofika, mita inasoma volti 12 vizuri ikiwa haina mzigo, lakini diski zikitaka kuanza kuzunguka, volti zinaporomoka na kisanduku kinajizima. Mwenyewe anaona taa ikiwaka, anasikia diski zikivuta pumzi, kimya, kisha mzunguko huo unaanza upya. Huyo amekata tamaa na data iko salama kabisa. Anachohitaji ni adapta yenye volti zile zile, ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye kibandiko, na ncha yenye chanya na hasi kama ile ya awali.

Njia ya pili ya radi husahaulika: waya wa mtandao. Nyumba na ofisi nyingi za mpakani hupata intaneti kwa antena iliyo juu ya paa au kwenye mlingoti, na kutoka kwenye antena unashuka waya hadi kwenye ruta, kutoka ruta hadi kwenye kisanduku. Radi haina haja ya kuipiga antena yenyewe. Ikipiga mti wa jirani, waya mrefu ulio wazi unaweza kupata volti za kutosha kuunguza tundu la mtandao. Hapo kisanduku kinawaka, diski zinazunguka, lakini hakuna kompyuta inayokiona, na mwenyewe anasema kimekufa. Mwenye kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme kwenye soketi anashangaa kwamba hakikumsaidia. Alifunga mlango mmoja kati ya miwili.

Baada ya adapta na waya, kuna jaribio moja rahisi ambalo mafundi wengi huliruka. Zima kifaa, andika namba kwenye kila diski kwa kalamu ya wino kulingana na nafasi yake, zitoe zote, kisha kiwashe kikiwa kitupu. Kikiamka na kuonekana kwenye mtandao, basi bodi ni nzima na ni diski moja mbovu iliyokuwa inakizuia kuanza. Kikibaki kimya kabisa, mara nyingi bodi ndiyo mgonjwa, na hizo diski zilizo mezani huenda hazina hata mkwaruzo.

Bodi yenyewe inaweza kufa bila radi yoyote. Mwanzoni mwa 2017 Intel ilikiri katika hati zake za kiufundi kuwa vichakataji vya familia ya Atom C2000 vina kasoro: sehemu inayotoa mapigo ya saa hudhoofika kwa muda, na siku ikikoma, mashine haiwaki tena. Vichakataji hivyo vilikuwa ndani ya vifaa vingi vya mtandao, vikiwemo visanduku vya Synology kama DS415+ na DS1815+, na kampuni hiyo iliongeza muda wa dhamana kwa wateja wake. Kwa wale ambao dhamana yao ilikwisha, mafundi wa nchi mbalimbali waligundua kwamba rezista moja ya omu 100, ikilehemiwa kwenye pini zinazofaa za bodi, inakifufua kifaa. Rezista kama hiyo huweza kupatikana ndani ya redio mbovu. Kila nikifikiria jambo hili naona jinsi fundi wa redio wa Busia asivyo mbali na teknolojia hii kama anavyodhani. Mkono wake unaijua kazi, anachokosa ni mtu wa kumwonyesha mchoro.

Lakini kufufua bodi si lazima. Njia fupi, kama diski ni nzima, ni kuziingiza kwenye kisanduku kingine cha kampuni ile ile na cha aina inayokubali kuzipokea, kwa mpangilio ule ule wa namba. Asiyekuwa nacho anachukua kompyuta ya kawaida, anaiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi, na kuunganisha diski kwa waya wa SATA au adapta ya USB. Synology yenyewe imechapisha maelekezo ya kufanya hivyo kwa Ubuntu. Programu ya mdadm huzitambua diski zilizokuwa kundi moja na kuzikusanya tena. Sharti la kwanza ni kufungua kwa kusoma tu, bila kuruhusu chochote kuandikwa. Sharti la pili ni kutotumia amri ya kuunda kundi jipya kwa sababu tu ile ya kukusanya imegoma; hapo ndipo wanaojifunza kwa haraka hufuta wenyewe ramani ya data waliyokuja kuiokoa.

Kisanduku cha diski moja, au cha diski mbili zinazobeba nakala sawa, ni rahisi: diski moja iliyo hai inatosha. Cha diski tatu au nne kwa kawaida hutumia mpango ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unaojulikana kama RAID. Hesabu yake inaweza kufanyika kwenye karatasi. Tuseme diski ya kwanza imeandika 1 na ya pili 0. Ya tatu inaandika 1, ili moja zote kwenye mstari zifikie idadi inayogawanyika kwa mbili. Ya pili ikiungua, unatazama zilizobaki, 1 na 1, idadi imeshatimia, basi iliyopotea ilikuwa 0. Fanya hivyo mara mabilioni na diski nzima imerudi. Zikifa mbili kwa pamoja, hesabu haina pa kushika.

Na radi haichagui diski moja. Hili ndilo linalonihuzunisha zaidi katika habari hii, maana watu wameuziwa visanduku vya diski mbili kwa ahadi kwamba data ina ulinzi. Ulinzi huo ni dhidi ya diski moja kuchoka yenyewe. Hauzuii radi, moto, mwizi, mtoto aliyefuta folda, wala wahalifu wa mtandaoni. Juni 2021 wenye vifaa vya My Book Live vya Western Digital katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta vimefutwa kwa amri iliyotoka mbali, na Januari 2022 wahalifu wa DeadBolt walifunga faili za visanduku vya QNAP na kudai 0.03 ya bitcoin kwa kila mmoja. Nakala mbili ndani ya boksi moja zilifutwa au kufungwa pamoja.

Nirudi kwa diski ambayo yenyewe imeumia. Chini ya diski kuna kibao kidogo cha kijani au buluu, na juu yake, karibu na tundu la umeme, huwa kuna diodi za ulinzi, kwa kawaida mbili: moja ya njia ya volti 5, nyingine ya volti 12. Volti zikizidi, diodi inajitoa mhanga kwa kujifunga na kuvuta umeme wote, na diski inakuwa kama jiwe. Fundi mwenye mita anaipima, anakuta imejifunga, anaitoa kwa lehemu, na diski inazunguka tena. Diski hiyo haina ulinzi sasa. Inanakiliwa siku hiyo hiyo kwa adapta ya kuaminika kisha inastaafu. Kibao kikiwa kimeungua zaidi, wengi hununua diski ya aina ile ile na kubadilisha vibao. Kwa diski za kisasa hilo peke yake mara nyingi halifui dafu, kwa sababu kila kibao hubeba chipu yenye vipimo vya diski yake tu, mara nyingi ndogo yenye miguu minane, na lazima chipu hiyo ihamishwe pia.

Diski inayotoa sauti ya tik-tik-tik ni habari nyingine. Hapo mara nyingi vichwa vya kusomea vimeumia. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na chembe ya vumbi la barabara ya Busia, linaloinuliwa na malori mchana kutwa, ni kubwa mara maelfu kuliko nafasi hiyo. Atakayekufungulia diski kwenye meza ya kibanda ili aone kilichomo amekuharibia, hata kama ana nia njema. Zima, funga kwenye kitu laini, peleka kwa wenye chumba kisicho na vumbi. Nairobi zipo kampuni za kazi hiyo, na bei yake si ya mchezo. Familia inabidi ikae na kuamua kama kilichomo kinastahili.

Kati ya diski nzima na diski ya tik-tik ipo ile inayosoma kwa kusuasua, na hapa programu moja ya bure imeokoa mengi: GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Kazi yake ni kunakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenda kwenye diski nyingine isiyopungua ukubwa. Inachota kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka penye ugumu, kisha inarudi kwenye magumu baadaye, na muda wote inaandika ramani ya ilikofika. Mvunaji mwenye busara hufanya hivyo kwenye shamba ambalo mafuriko yanakaribia. Diski ya terabaiti 4 ikisoma megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba. Ikiwa mgonjwa, siku kadhaa. Kwa mpakani ramani ile ni neema, kwa kuwa stima ikipotea saa tisa alasiri na kurudi usiku, kazi inaendelea pale ilipoachwa. Majaribio yote yanayofuata, ya programu ya TestDisk kutafuta vigawanyo vilivyopotea au ya PhotoRec kuchambua picha moja moja, hufanywa juu ya nakala. Diski ya asili inarudi kabatini.

Yapo pia makufuli yasiyo ya radi. My Book Live zilipanga data kwa vipande vya kilobaiti 64, wakati kompyuta ya kawaida hushughulikia vya kilobaiti 4, na kwa miaka mingi Linux ya kawaida iliiona diski ikakataa kuifungua. Fundi asiyejua hilo alitangaza diski imeharibika, wakati programu ya debugfs ingezitoa faili zote. Baadhi ya diski za nje za USB nazo huandika kila kitu kwa siri kupitia kibao cha kasha, hata kama mwenyewe hakuweka nywila. Ukiitoa diski kwenye kasha lake unakuta fujo tupu. Kibao hicho kisitupwe.

Data ikipatikana, mwenyewe asiridhike kuona orodha ya majina ya faili. Majina yanaweza kurudi na matumbo ya faili yakawa matupu. Afungue picha za miaka tofauti, acheze video mwanzo, katikati na mwisho, kabla ya kumlipa fundi na kabla ya kumruhusu afute nakala zake. Kufutiwa nakala hizo pia ni haki ya mwenye data. Kenya na Uganda zote zina sheria za ulinzi wa data za mwaka 2019, na zote zina masharti juu ya taarifa za watu kupelekwa nje ya nchi. Zahanati ya Busia ya Uganda inayomtuma kijana wa boda kuvusha diski ya wagonjwa kwenda kwa fundi wa Busia ya Kenya imevuka zaidi ya barabara. Angalau iandike makubaliano ya karatasi moja: nani ameishika, ataona nini, na ataifuta lini.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliwapa wenzake kanuni inayofuatwa na wengi hadi leo: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Hapa kwetu hiyo nakala ya tatu ni diski ya USB isiyochomekwa popote, ikikaa kwa shangazi Mbale au Bungoma, ikibadilishwa kila mwisho wa mwezi. Haihitaji intaneti, na wingu la Tororo haliwezi kuifikia kwa waya wowote.

Kwa waliokwisha kupatwa, eneo hili linahitaji mahali pa kupeleka diski karibu kuliko Nairobi. Busitema ina chuo kikuu kwenye barabara kuu iendayo Malaba, na Busia ya Kenya ina Chuo Kikuu cha Alupe. Kuanza kunahitaji kompyuta mbili zenye Linux, betri ya kushikilia stima ikikatika, diski tupu kubwa, kituo cha lehemu chenye hewa moto, na kabati la kukusanyia vibao vya diski zilizokufa ili viwe vipuri. Mafundi wa simu na redio wa pande zote mbili waitwe wiki mbili za likizo, kila mmoja aje na diski ambayo mteja wake alishaikatia tamaa, na kazi ianzie kwenye hizo.